Saa ya Asumini

Horohoro iko kilomita 65 kutoka Tanga mjini. Hapo ndipo Tanzania inapopakana na Lunga Lunga, Kenya. Mpaka huo ulizaliwa na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, yaliyochora mstari kuanzia mlango wa mto Umba. Vanga ikaangukia kwa Waingereza, Jasini kwa Wajerumani, na Wadigo wa pwani hiyo wakagawanywa bila kuulizwa. Arusi hazikugawanyika. Posa ziliendelea kwenda na kurudi, na pande zote mbili bibi arusi alinukia vilevile, kwa kuwa maua yake yalitoka uani na ufukweni.

Manukato yenyewe ni kikuba. Ni kishada kidogo cha mrehani, waridi, asumini, vilua vikipatikana, na mkadi unaoota kwenye mchanga wa pwani, vyote vikafungwa kwa uzi na kubanwa kifuani au kwenye nywele. Hakina chupa wala kipimo. Mkono wa mwanamke ndio unaojua mrehani uzidi kiasi gani ili usiimeze asumini.

Asumini ndiyo yenye amri. Huchumwa ingali matumba, ikatungwa uzini bado imejifumba, ikaanza kufunguka jua likizama. Usiku hunukia chumba kizima. Asubuhi imeshasinyaa na kugeuka rangi. Kwa hiyo swali la lini mwanamke ajitie manukato, ambalo leo huulizwa mbele ya kabati la kioo dukani, zamani lilijibiwa na ua lenyewe: baada ya magharibi.

Manukato mengine yalingoja upepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi yakiwa na udi, miski na maji ya waridi. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa kwa tambuu, kisha akamiminiwa maji ya waridi ya Damascus, yeye na kadhi aliyekuwa naye. Mgeni kurushiwa marashi kwa mrashi, hasa kwenye maulidi na arusi, ni heshima inayoeleweka pwani nzima hadi leo. Ila udi na miski vilitaka fedha. Mwasumini ulitaka maji ya kuoshea vyombo tu, na ndiyo maana hata nyumba ya makuti ilikuwa nao. Hili halisemwi vya kutosha watu wanapoyasifu manukato ya Waswahili kana kwamba yalikuwa ya majumba ya mawe peke yake.

Saa ilikuwa na mwenziwe: mahali. Mafundisho ya Kiislamu yalimkataza mwanamke kupita mbele ya wanaume akinukia, basi kikuba kikawa cha ndani, cha mume, na cha ngoma za wanawake wenyewe kwa wenyewe. Somo, yaani kungwi wake, alimfunza mwari kukifunga, na pamoja nacho kujisinga kwa liwa na kufukiza nguo juu ya chetezo. Lilikuwa somo la mwili na la adabu kwa pamoja.

Upande wa chupa za dukani, mwaka 1921 mtengeneza manukato Ernest Beaux alimtengenezea mbunifu wa mitindo Gabrielle Chanel manukato yaliyoitwa No. 5. Ndani yake mlikuwa na asumini ya Grasse, Ufaransa, na mafuta ya langilangi, ua la mti uliotoka kusini mashariki mwa Asia na kustawi katika visiwa vya Bahari ya Hindi. Baadaye Komoro ikawa mzalishaji mkubwa wa mafuta hayo. Huko maua huchumwa alfajiri, kisha hukenekwa kwa mvuke kwa saa nyingi, na yanayotoka mwanzo ndiyo ya bei ya juu. Wanawake wa pwani huijua langilangi kwenye singo ya arusi, bila jina la kampuni yoyote.

Chupa hunukia saa yoyote, na hilo ni faida yake kwa mwanamke anayetoka kazini jioni na kupita sokoni. Lakini zipo siku ambazo hata chupa hufungwa. Mjane asiye mjamzito hukaa eda miezi minne na siku kumi bila manukato ya aina yoyote. Siku ya kutolewa, wanawake wenzake humwogesha, humvisha nguo mpya, humfukiza udi. Na kama mwasumini wa uani umetoa matumba, mmoja wao hutumwa kuyachuma.