Vipande vya Dirisha Vilivyogeuka Bilauri

Pita kwa fundi wa madirisha hapa Nanyamba, utaona pembeni rundo la vipande vya vioo. Watoto wanakatazwa kusogea, na fundi mwenyewe hajui avipeleke wapi. Lakini hapa hapa Afrika Mashariki kuna watu ambao vipande kama hivyo kwao ni malighafi.

Ni Kitengela Glass, nje kidogo ya Nairobi, upande wa Kajiado. Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani, alihamia pale mwishoni mwa miaka ya 1970, akaanza kutengeneza madirisha ya vioo vya rangi. Miaka ya 1990 mwanawe, Anselm, akaleta kazi ya kupuliza kioo cha moto: bilauri, majagi, vyombo vya maua, vyote kutokana na vioo chakavu vya madirisha.

Kwa nini chakavu na siyo mchanga? Mchanga safi huyeyuka karibu nyuzi 1,700 za Selsiasi. Magadi hushusha joto hilo, na chokaa huzuia kioo kisilainike kwa maji. Kioo cha dirisha tayari kina vyote vitatu, kwa hiyo hutaka moto mdogo kuliko mchanganyiko mpya. Ule ukijani kama wa bahari unatokana na chuma kidogo kilichomo mchangani. Vile viputo ni hewa iliyonaswa tu.

Ila usikimbilie kuyeyusha uani kwenu! Kupoza ndiyo mtihani. Bilauri ikiachwa nje ghafla, ngozi yake inakakamaa huku ndani bado kuna moto. Itapasuka, pengine kesho yake ikiwa mezani. Ndo maana huingizwa kwenye tanuri jingine ipoe taratibu kwa saa nyingi. Tena ukichanganya dirisha na chupa ovyo, kila kioo kinasinyaa kwa kiasi chake, na chombo kinapasuka.

Pwani yetu ilinunua shanga za kioo kutoka ng'ambo kwa karne nyingi. Kilwa Kisiwani zimefukuliwa kwa wingi. Leo lile rundo la fundi ni kioo ambacho tayari kimeshatengenezwa. Wewe unayesoma ufundi Mtwara, anza na hesabu mbili: tanuri litakula mafuta kiasi gani kwa siku, na nani atanunua bilauri ya kwanza?