Mbao Kutoka Mashamba Yaliyoungua

Wamisionari wa Berlin walipofika Nyanda za Juu Kusini mwaka 1891, hawakukuta mashamba ya misindano. Enzi hizo mbao zilitoka katika miti ya asili, zikapasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwenzake shimoni. Majaribio ya kupanda miti ya kigeni huko Sao Hill, Mufindi, yalianza mwaka 1939. Upandaji mkubwa ulifuata tangu miaka ya 1960, na baadaye wananchi na sharika nao wakapanda. Ndipo nchi ya nyasi ikawa nchi ya mbao, na moto wa kiangazi, ambao zamani ulipita juu ya majani na kuacha majivu tu, ukaanza kuteketeza ada za shule na mapaa ya makanisa ambayo hayajajengwa bado.

Atazamaye shamba lililoungua hudhani kwamba yote yamekwisha. Sivyo. Moto huenda mbio. Huchoma majani na kuunguza gome, lakini mara nyingi mti wenyewe hubaki mzima ndani. Wazoefu hubandua kipande cha gome kwa panga. Chini yake pakiwa peupe na pana majimaji, mti huenda ukapona. Pakiwa pa kahawia, umekufa, na tangu hapo siku zake zinahesabika. Katika majuma machache ukungu hupenya na kuutia rangi ya buluu, na wadudu hufuata kutoboa. Rangi hiyo haipunguzi sana nguvu ya mbao, na fundi hodari hasiti kuitumia kwenye kenchi, ambako dari itaificha. Mnunuzi, hata hivyo, huitazama rangi kwanza, kisha hushusha bei.

Mwenye shamba hupata hasara mara mbili. Msindano wa miaka tisa una gome jembamba, hivyo hufa upesi, na gogo lake halijafikia kutoa mbao pana. Kuusubiri hawezi. Jirani zake nao wanauza juma hilohilo, na mashine za kupasulia zinazohamishwa kutoka shamba hadi shamba, ziitwazo "ding dong", zina foleni. Magome yenye masizi hubanduliwa kwanza, maana mkaa na mchanga hufanya meno ya msumeno kuwa butu. Huanzwa miti minene. Myembamba huishia kuwa nguzo au kuni.

Kwa sharika zenye mashamba jambo hili ni gumu zaidi, kwa kuwa mali ni ya wengi. Kuvuna kunahitaji kikao cha wazee, na kikao hutangazwa ibadani. Moto uliopita Jumatatu huweza kutajwa kanisani siku sita baadaye, kikao kikafuata juma la pili, na mashine ikafika magogo yakiwa yameshaanza kugeuka buluu.