Matunzo ya barabara, Kagerankanda

Kazi ya kulinda barabara za vumbi na changarawe zinazohudumia Kagerankanda na nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), ulioanzishwa mwaka 2000. Za wilaya na vijijini ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanza 2017. Fedha za matengenezo hutoka hasa Mfuko wa Barabara, unaokusanya tozo kwenye kila lita ya mafuta; hata bodaboda huchangia.

Adui mkubwa ni maji. Greda huipa barabara mgongo ili mvua iteremkie mitaroni. Mgongo ukisawazika, maji hufuata nyayo za magurudumu na kuchimba makorongo kwenye udongo mwekundu. Kalvati lililoziba kwa majani na mchanga huweza kukata barabara usiku mmoja, ingawa kulizibua ni kazi ya majembe tu. Lori la mahindi likipita tope bichi huacha mifereji ambayo kiangazi huigandisha kama tofali. Sheria ya Barabara ya 2007 inalinda pia hifadhi ya barabara, ambako vibanda na mashamba hayaruhusiwi.