Tarakilishi yaweza kuwafunza vijana kula vyema, mradi ihesabu chakula chao

Kufunza lishe kwa tarakilishi ni kutumia programu, michezo na majedwali ya kompyuta kumwezesha kijana kurekodi anachokula, kukilinganisha na mahitaji ya mwili wake na kuamua abadilishe nini. Tofauti na mwalimu anayeandika orodha ya vitamini ubaoni, mashine humrudishia kila mwanafunzi hesabu ya sahani yake mwenyewe.

Katika mtaa wa Kileleshwa, magharibi mwa jiji la Nairobi, haja ya mafunzo haya ni dhahiri. Nyumba nyingi za zamani zenye bustani zimeipisha mijengo ya ghorofa. Katika barabara zilezile, pikipiki hupeleka chipsi, kuku na piza zilizoagizwa kwa simu, huku vibanda vikiwauzia mafundi wa ujenzi githeri, chapati na ndengu. Kijana hupita kati ya milo hiyo miwili, na ni rahisi kudhani kwamba ule wa bei ghali ndio ulio bora.

Uchunguzi wa kitaifa kuhusu magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa mwaka wa 2015 ulibaini kuwa asilimia 94 ya Wakenya wazima hawakuwa wakila sehemu tano za matunda na mboga kwa siku, kiasi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Zaidi ya robo walikuwa na uzani uliopita kiasi. Mazoea ya aina hiyo huanza mapema, na ujana, ambao shirika hilo huuhesabu kuanzia miaka 10 hadi 19, ni kipindi ambacho mtu huanza kujichagulia chakula.

Masomo ya hiari

Chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanzishwa mwaka wa 1985, sayansikimu na kompyuta yalikuwa masomo ya hiari katika shule za upili. Mwanafunzi aliweza kuhitimu bila kusoma lolote kati ya hayo mawili.

Mtaala wa Umilisi, uliofika sekondari ya msingi Januari 2023, ulifungua njia nyingine. Ujuzi wa kidijitali ni mojawapo ya umilisi saba wa kimsingi unaotarajiwa kupenya katika kila somo. Masomo yalipopunguzwa mwaka wa 2024, sayansikimu iliunganishwa na kilimo. Kwa hivyo, mwalimu anayefunza kuhusu mboga shambani anaweza kuifuata mboga hiyo hadi jikoni, kisha hadi kwenye jedwali la kompyuta.

Tatizo ni vifaa. Mradi wa serikali ulioanza kusambaza tableti mwaka wa 2016 ulifikisha zaidi ya vifaa milioni moja katika shule za msingi za umma, lakini ulilenga kwanza watoto wa darasa la kwanza, si vijana.

Kuhesabu makundi, si kalori

Swali la kwanza kwa mwalimu ni mashine ihesabu nini. Programu nyingi za simu huhesabu kalori, na wataalamu huonya kwamba zoezi hilo linaweza kumfanya kijana auchukie mwili wake au ajinyime chakula. Njia salama zaidi ni kuhesabu makundi ya vyakula.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lina kipimo kilichoundwa kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49. Hugawa vyakula katika makundi 10: nafaka pamoja na viazi, mihogo na ndizi za kupika, jamii ya kunde, njugu na mbegu, maziwa, nyama, kuku na samaki, mayai, mboga za majani ya kijani kibichi, matunda na mboga nyingine zenye vitamini A, mboga nyinginezo, na matunda mengineyo. Lengo ni kula angalau makundi matano kwa siku. Kwa kuwa ni kipimo cha umma, si cha kumpima mtu mmoja, hufaa kujumlisha matokeo ya darasa zima bila kumwaibisha yeyote.

Chukua siku ya kijana anayekula mandazi asubuhi, chipsi na soseji mchana, chapati na kuku jioni, na kuteremshia soda. Mandazi, chipsi na chapati ni kundi moja. Soseji na kuku ni la pili. Soda haiko popote. Mwenzake aliyekunywa chai yenye maziwa ya kutosha na mkate, akala githeri mchana, na jioni ugali kwa sukuma wiki iliyokaangwa kwa nyanya na vitunguu vya kutosha, amefikisha makundi matano kwa gharama ndogo.

Soda nayo ina hesabu yake. Nyingi huwa na takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya nusu lita basi hubeba gramu 50 hivi, sawa na vijiko 12 vya chai. Hicho ndicho kiwango cha juu ambacho Shirika la Afya Duniani linaruhusu kwa siku nzima kwa mtu anayehitaji kalori 2,000.

Takwimu za nyumbani

Programu iliyoundwa ng'ambo huenda isitambue mrenda, managu wala omena. Kenya haina sababu ya kuazima. Majedwali ya kitaifa ya viinilishe yalichapishwa mwaka wa 1993, na mapya yakatolewa mwaka wa 2018 yakiwa na mamia ya vyakula vya humu nchini. Yanapatikana bila malipo mtandaoni.

Kwayo, wasichana wanaweza kukokotoa madini ya chuma, ambayo huyahitaji zaidi ya wavulana kwa sababu ya hedhi. Watajifunza pia kwamba chai inayonywewa pamoja na maharagwe huzuia mwili kufyonza madini hayo, ilhali chungwa husaidia.

Mipaka ya mashine

Ushahidi kwamba mbinu hii hufaulu upo. Katika jiji la Houston, Marekani, mchezo wa kompyuta ulijaribiwa kwa wanafunzi 1,578 wa darasa la nne katika shule 26. Baada ya vipindi 10 kwa wiki tano, matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2003 yalionyesha kwamba waliocheza waliongeza sehemu moja ya matunda, juisi na mboga kwa siku. Hata hivyo, hao walikuwa wadogo kuliko vijana wanaozungumziwa hapa.

Isitoshe, maarifa hayatoshi pale ambapo chaguo halipo. Mwanafunzi wa bweni hula anachopikiwa. Ndiyo maana hesabu za darasa zinapaswa kufika mikononi mwa wanaopanga ratiba ya milo na kuamua duka la shule liuze nini. Kundi la matunda likikosekana wiki nzima kwenye jedwali, wa kujibu si kijana pekee.