Kundi Kwanza, Jengo Baadaye

Kila baada ya miaka michache, katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki, huzuka mpango wa kujenga kituo cha sanaa. Ramani huchorwa, wafadhili huitwa, waziri hukata utepe. Dhana iliyo nyuma ya mipango hii ni kwamba wasanii wametawanyika kwa sababu hawana pa kukutania, na kwamba wakijengewa watakutana. Ukiifuatilia karne iliyopita, kuanzia Unguja hadi Limuru, unaona mambo yakienda kinyume. Mahali palipodumu ni pale ambapo kundi lilikuwa limekwisha kujifunga kwa kazi, michango na zamu kabla halijapata paa la kudumu. Palipoanzia kwenye jengo, aghalabu jengo ndilo lililogeuka mzigo.

Ushahidi mzito zaidi uko Unguja. Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu, ilianzishwa mwaka 1905. Muziki wenyewe ulikuwa umeingia mjini kupitia kasri: Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, naye aliporudi akawa akimtumbuiza Sultani. Mtu angetarajia muziki huo uendelee kuishi kasrini, maana huko ndiko kulikokuwa na fedha, ala na wasikilizaji wenye nafasi. Waliouteremsha mitaani ni vijana wa mjini waliokuwa na desturi ya kukaa pamoja jioni. Walichangishana, wakaagiza ala kutoka Misri, wakamwendea Mohamed Ibrahim awafunze. Urafiki ulitangulia muziki, na muziki ukatangulia nyumba ya klabu. Kwa hiyo hata nyumba ilipopatikana, haikuwa na kazi ya kuwakusanya watu. Walikuwa wamekwisha kukusanyika.

Utaratibu wa klabu hizi unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake ndimo ilimo siri ya uhai wao. Mshairi huleta beti zake zenye vina na mizani. Mwingine, si lazima awe yeye, huzitilia muziki. Huchaguliwa mwimbaji ambaye sauti yake inaelekeana na wimbo, kisha wapigaji wa udi, fidla, kanuni, nai na dumbaki wanaushika usiku baada ya usiku, wengi wao kwa sikio tu, hadi uwe tayari kutolewa sikukuu. Wimbo ukishatoka hutajwa kuwa wa klabu. Hapo hakuna anayeweza kufanya kazi yake peke yake: mshairi bila mpigaji ana karatasi tu mkononi, na mwimbaji asiyekuja mazoezini hana wimbo wa kuimba. Ushirikiano haukuwa shabaha iliyoandikwa kwenye katiba ili ipendeze. Kazi yenyewe ilikuwa haifanyiki bila huo. Na klabu jirani ikiwa nayo inaandaa nyimbo za sikukuu hiyo hiyo, hapakuhitajika mratibu wa kulipwa mshahara ili watu wafike kwa wakati.

Mtu anaweza kusema kwamba hao walikuwa vijana wa mjini wenye uwezo, waliokaa karibu na kasri, na kwamba maskini hawezi kuanza hivyo. Siti binti Saad anaijibu hoja hiyo. Alizaliwa kijijini Fumba, akaja mjini akiuza vyungu, na nyumba yake ya Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa mawe, ikawa ndipo kikundi chake kinapofanyia mazoezi usiku: Mbaruku Talsam, Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi, Maalim Shaaban. Walikuja kupiga, na walikuja pia kuzungumza habari za siku, kesi za mahakamani na dhuluma za wakubwa, na mazungumzo hayo yakageuka nyimbo. Mwaka 1928 walikwenda Bombay kurekodi santuri, zikauzwa pwani nzima. Hakuna aliyewajengea kituo. Nyumba ya mtu mmoja ilitosha, kwa kuwa waliokuwa wakikutana humo walikuwa na jambo la kufanya kesho yake.

Pingamizi jingine lina uzito zaidi, nami sioni njia ya kulikwepa. Kundi lililojifunga huwafungia wengine nje. Klabu za mwanzo za Unguja zilikuwa za wanaume, na wanawake waliotaka kuimba iliwabidi waanzishe za kwao, kama Nuru el Uyun na ile waliyoiita Royal Air Force. Ni kweli, na ni kasoro. Lakini angalia walichofanya wanawake hao. Hawakungoja mlango wa wanaume ufunguliwe, wala hawakuomba ukumbi. Walianza kwa mchango na sare, na ushindani baina yao ukawa mkali hata ukaacha alama katika ushairi wa mafumbo ambao pwani haijauacha hadi leo. Njia ile ile iliyowafungia nje ndiyo waliyoitumia kujijenga.

Sasa tuvuke bahari hadi Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya kupita kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na kazi za kijungujiko jijini. Alichorea kwenye vipande vya mbao za dari vya futi mbili kwa mbili, kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, na picha zake zikauzwa Morogoro Stores, Oysterbay, walikokwenda wageni kununua mahitaji ya nyumbani. Alipigwa risasi na polisi mwaka 1972 kwa kudhaniwa mhalifu, akafa akiwa amechora kwa miaka michache tu. Kwa kawaida hapo ndipo habari ingeishia. Hakuacha shule, hakuacha jengo, na fedha hazikuwapo. Aliacha vijana, wengi wao jamaa zake au watu wa kwao, akina January Linda, Kasper Tedo, Adeusi Mandu na Simon Mpata, aliowafundisha kwa kuwapa kipande cha ubao wamalizie mandharinyuma au wafuatishe manyoya ya ndege. Hao walirudi kwenye uwanja ule ule wa kuuzia, wakachora. Miaka 18 baada ya kifo chake, mwaka 1990, kundi likawa chama cha ushirika. Jina la marehemu sasa ni jina la mtindo unaojulikana duniani.

Wahakiki wa sanaa wameulalamikia mtindo huu kwa haki. Wachoraji wanaokaa bega kwa bega, wakiuza kwa mteja mmoja yule yule, huishia kuigana. Twiga wa meza hii ni twiga wa meza ile. Lakini lawama hiyo inahusu soko zaidi kuliko kukaa pamoja. Ukaribu huo huo ulizaa kitu kingine pale soko lilipolegeza kamba kidogo, na mfano wake uko mjini humo humo.

Nyumba ya Sanaa ilianza mwaka 1972 kwa juhudi za Jean Pruitt, mtawa wa Kimarekani wa shirika la Maryknoll, na kundi dogo la vijana waliohitaji kazi. Ilikuwa karakana kwanza: batiki, kauri, uchongaji, uchapaji wa picha kwa bamba la chuma na tindikali. George Lilanga, Mmakonde kutoka kusini, aliingia hapo kama mlinzi, kwa msaada wa mjomba wake Augustino Malaba aliyekuwa mmoja wa wachongaji. Akiwa mchongaji wa mashetani kwa asili, aliona wenzake wakichapa picha, akajaribu. Akaona batiki, akajaribu. Baadaye akageukia rangi, na mashetani yaliyokuwa yamelala ndani ya mpingo yakaanza kucheza kwenye ubao bapa, yakiwa na masikio makubwa na vidole viwili viwili vya miguu. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Hakuiga mtu. Alichopata kwa wenzake ni mbinu, na mbinu huhama kutoka mkono hadi mkono pale watu wanapoonana wakifanya kazi. Tena Lilanga hangeingia mlangoni kama pale pangekuwa mahali pa wasanii waliokwisha kutambuliwa.

Mwaka 1983 Nyumba ya Sanaa ilihamia jengo jipya lililojengwa kwa msaada wa Norway, katikati ya jiji, barabara ya Upanga. Lilikuwa jengo zuri, na kwa miaka mingi lilijaa. Lakini kiwanja cha katikati ya Dar es Salaam hakikai miongo mitatu bila kutolewa macho, hasa hoteli kubwa zinapoota jirani. Mabishano juu ya nani ana haki ya eneo yalipofika, wachoraji na wachongaji hawakuwa na sauti ya mwisho, na leo jengo halipo. Kuna watakaosema kisa hiki kinaivunja hoja yangu, kwa kuwa hapo palikuwa na kazi ya kila siku na bado pakafa. Kwangu kinaongeza sharti la pili tu. Kazi ya pamoja hulipa kundi uhai, lakini paa likishakuwa la thamani kuliko kundi, na hati ikiwa mikononi mwa wengine, uhai huo hauna kinga. Wachoraji wa Tingatinga walikuwa na uwanja duni na vibanda. Hapakuwa na cha kuwanyang'anya kilichozidi mikono yao. Vikundi vya miaka ya karibuni vimelielewa hili kwa kiasi. GoDown ya Nairobi, iliyofunguliwa 2003, ilianzia kwenye ghala la zamani, na Nafasi Art Space ya Dar es Salaam, ya 2008, ilikwenda kukaa Mikocheni kwenye eneo la viwanda vidogo.

Pasipokuwa na kundi la kubeba mzigo, hata kazi nzuri huyumba. Nairobi ya miaka ya 1960 ilikuwa na Chemchemi, kituo kilichoongozwa na mwandishi wa Afrika Kusini Es'kia Mphahlele kuanzia 1963, kwa fedha za taasisi moja ya Paris ambayo baadaye ilibainika kuwa ilikuwa ikilishwa na CIA. Mphahlele alifanya kazi ya kweli ya kuwafunza waandishi vijana, lakini alipoondoka na fedha zilipoyumba, kituo hakikufika mwisho wa muongo. Paa ya Paa, iliyoanzishwa 1965 na Elimo Njau na wenzake, ilihama, ikaunguzwa na moto mwaka 1997, na bado ikafufuka, kwa kuwa Elimo na mkewe Phillda walikuwa wameifanya makazi na maisha yao. Huo nao ni udhaifu wa aina yake, maana mzigo mzima ulikaa mabegani mwa watu wawili.

Atakayetaka kunipinga kwa nguvu zake zote atanipeleka Kamiriithu. Huko Limuru, mwaka 1977, wanakijiji walijijengea wenyewe ukumbi wa wazi wa watu 2,000, wakaigiza tamthilia ya Kikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Kundi lilikuwapo, kazi ilikuwapo, michango ilikuwapo, na serikali ikaumaliza mchezo kwa wiki chache: onyesho la kwanza Oktoba, kibali kikafutwa Novemba, na kabla ya mwaka mpya Ngũgĩ wa Thiong'o yuko kizuizini. Nakubali kwamba hakuna kundi lenye kinga dhidi ya dola. Hata hivyo, kundi halikufa na onyesho. Mapema mwaka 1982 lilikuwa limeandaa mchezo mwingine, likakuta milango ya Ukumbi wa Taifa imefungwa, likahamishia mazoezi Chuo Kikuu cha Nairobi, na watu wakafurika kutazama mazoezi kana kwamba ndiyo maonyesho yenyewe. Serikali ilijua ilikuwa ikipambana na nini. Machi mwaka huo ilikifutia kituo cha Kamiriithu usajili na kupiga marufuku maigizo katika eneo hilo. Polisi wenye silaha waliokuja kubomoa ukumbi walifika siku iliyofuata.