Kidonge Kilichochelewa Kufika

Januari 1956, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Münsterlingen, ukingoni mwa Ziwa Konstanz nchini Uswisi, daktari Roland Kuhn alianza kumpa mwanamke mmoja dawa ambayo haikuwa bado na jina, ila namba tu: G 22355. Mwanamke huyo alikuwa na sonona nzito. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amebadilika, na waliokuwa wakimhudumia waliliona hilo. Kuhn akawapa na wengine, akaandika alichokiona, na Septemba 1957 akasimama kueleza habari hiyo kwenye mkutano wa dunia wa madaktari wa akili mjini Zurich. Waliokaa kumsikiliza walikuwa kama 12 hivi.

Dawa ile ndiyo iliyokuja kuitwa imipramini. Mimi ninayeandika haya ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari wilayani Korogwe, na kidonge ninachomeza kila usiku, amitriptilini, ni mdogo wake wa tumbo moja. Nimefundisha vita, mikataba na mapinduzi ya nchi za watu. Historia ya kitu kinachoingia mwilini mwangu kila siku sikufundishwa na mtu. Nimeitafuta mwenyewe.

Chimbuko lake ni rangi. Kiini cha kikemia kilichozaa imipramini kilitengenezwa mwishoni mwa karne ya 19, enzi wakemia wa Ulaya wakihangaikia rangi za nguo, kikaachwa takriban nusu karne bila kazi yoyote hospitalini. Kisha mwaka 1952, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris wakaonyesha kuwa klopromazini inatuliza wagonjwa waliokuwa hawatulizwi ila kwa kamba. Kampuni ya Geigy ya Basel, iliyokuwa na mizizi katika biashara ya rangi, ikataka na yenyewe iwe na dawa ya namna hiyo. Ikapekua kemikali zake za zamani na kumpelekea Kuhn. Kwa wenye skizofrenia G 22355 haikufaa kitu, na wengine ilizidi kuwachangamsha kupita kiasi. Hapo ndipo ilipojaribiwa kwa wenye sonona. Miaka hiyo hiyo huko Sea View, New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa iproniazidi walikuwa wamechangamka kuliko mapafu yao yalivyopona. Dawa za kuinua moyo zikawa zimegunduliwa kwa milango miwili, na hakuna hata mmoja uliokuwa umetafutwa.

Lazima niseme na hili, kwa sababu mwalimu wa historia hawezi kulifunika. Wagonjwa wa Münsterlingen wengi hawakuambiwa kwamba wanajaribiwa. Uchunguzi wa wanahistoria uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kuwa kwa miongo kadhaa zaidi ya watu 1,000 katika hospitali ile walipewa dawa ambazo zilikuwa hazijaruhusiwa. Ninapomeza kidonge changu nawakumbuka. Nafuu yangu imepita kwenye miili yao, na hakuna aliyewaomba ruhusa.

Lakini sonona siyo iliyonipeleka mimi hospitali. Yangu ilikuwa hofu. Ilinishika mara ya kwanza nikisimamia mtihani wa kidato cha nne, chumba kimya, kalamu tu zinasikika. Moyo ulianza kwenda mbio kama unataka kutoka, vidole vikafa ganzi, pumzi ikakata, na nikawa na hakika kabisa kwamba nakufa pale mbele ya watoto wa watu. Ilipita. Baada ya siku ikarudi, nikiwa sokoni. Nikapimwa malaria, nikapimwa presha, nikapimwa moyo kwa zile waya za kubandika kifuani. Kila jibu lilikuwa zuri, na kila jibu zuri liliniongezea hofu. Mama yangu aliita walimu wa madrasa wakanisomea, nikanywa kombe, na sitakidharau kisomo kile, maana nilipata usingizi siku zile. Zahanati moja ilinipa valiamu, nyingi, bila neno lolote la nimeze hadi lini.

Valiamu nayo ina historia yake. Leo Sternbach, mkemia wa kampuni ya Roche, ndiye aliyetengeneza ndugu yake Librium iliyoanza kuuzwa 1960, kisha Valium yenyewe ikafuata 1963, na kwa miaka mingi ikawa miongoni mwa dawa zilizouzwa kuliko zote Marekani. Inafanya kazi ndani ya saa moja, ndiyo maana watu wanaipenda. Ndiyo maana pia inamfunga mtu: mwili huizoea ukataka zaidi, na ukiachishwa ghafla unatetemeka. Kwa hofu inayokuja na kurudi mwaka mzima siyo dawa ya kumpa mtu akaenda nayo nyumbani tu.

Aliyegundua kuwa dawa ya sonona inaweza kuzima hofu ya aina yangu alikuwa Donald Klein, daktari wa hospitali ya Hillside huko Queens, New York, mwishoni mwa miaka ya 1950. Kisa chake nimekisoma mara nyingi kuliko kingine chochote katika habari hii. Hillside walikuwapo wagonjwa waliokuwa wakipatwa na kitu kile kile kilichonipata kwenye chumba cha mtihani. Mara kadhaa kwa siku mgonjwa alikuwa akikimbilia kwenye meza ya wauguzi akilia kwamba anakufa. Muuguzi alikaa naye, akamshika mkono, na baada ya dakika chache hali ikapita. Dawa zilizokuwapo hazikuwasaidia. Klein, kwa kuwa hakuwa na cha kupoteza, akajaribu imipramini.

Wiki ya kwanza ikapita bila kitu, ya pili vilevile. Ukimuuliza mgonjwa, anasema haimsaidii. Ukimuuliza tabibu anayezungumza naye kila siku, anasema mgonjwa yuko pale pale. Wauguzi ndio waliosema amepata nafuu. Walikuwa wameona jambo moja tu: hakimbilii tena mezani kwao. Ile dharura ya kila siku ilikuwa imekatika, na mwenyewe hakuwa ameliona, kwa sababu bado alikuwa anaogopa kwamba itarudi. Klein akaelewa kuwa hapo kuna mambo mawili: shambulio lenyewe, na hofu ya kulingoja shambulio. Dawa ilikata la kwanza, la pili likabaki. Yeye na Max Fink walichapisha matokeo yao 1962. Mwaka 1980 mwongozo wa magonjwa wa madaktari wa akili wa Marekani ukautenga ugonjwa wa mashambulio ya hofu na kuupa nafasi yake.

Kwangu ilikuwa hivyo hivyo, na sikuwa nimesikia habari za Hillside. Nilipofika kliniki ya afya ya akili, dokta aliniuliza maswali kwa utaratibu, akaandika, na dirisha la dawa likanipa kibahasha cheupe kilichoandikwa kwa kalamu ya bluu: 1x1 usiku. Ndani vidonge vidogo vya miligramu 25. Sista wa dirishani, mtu mzima, aliinama akaniambia taratibu, "Mwalimu, hii utaona shida zake kwanza, faida yake baadaye. Usiikimbie." Alikuwa mkweli. Siku za mwanzo niliamka kichwa kizito, nikisimama ghafla dunia inazunguka. Mdomo ulikauka hadi ulimi unagandana na meno. Mwalimu anayeongea kutwa, vumbi la chaki limejaa hewani, anajua hiyo ni adhabu gani. Nikawa natembea na chupa ya maji. Choo kikawa kigumu. Ulipoingia Ramadhani dokta aliniambia nimeze baada ya futari na tarawehe, na saumu nilifunga, lakini saa za alasiri sauti ilikuwa haitoki kabisa, darasa la mwisho nalipa kazi ya kuandika.

Nilikuwa nimekwisha kuamini kwamba hainisaidii. Mume wangu ndiye aliyesema, asubuhi moja tukiwa kwenye chai: "Mama Salma, siku hizi huniamshi usiku." Nikafikiri. Kweli, sikuwa nikimwamsha.

Hofu ya kungoja, ile aliyoiona Klein, haikuondoka na kidonge. Nilikuwa nimeacha kupanda Coaster ya kwenda Tanga mjini, nimeacha misiba, nimeacha hata kukaa safu za katikati kwenye vikao vya walimu. Hayo niliyarudia kwa miguu yangu: kwanza hadi kituo cha jirani, kiti cha karibu na mlango, kisha mbali zaidi. Kidonge kilinipa nguvu ya kujaribu. Kujaribu kwenyewe kulibaki kazi yangu.

Swali lililonikaa rohoni ni kwa nini dawa hii ilichelewa kufika kwa watu kama mimi. Amitriptilini iliruhusiwa Marekani mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, ilikuwamo. Hata hivyo kwetu mtu mwenye hofu au sonona hakuhesabiwa mgonjwa, na sababu mojawapo imeandikwa vitabuni.

J. C. Carothers, daktari Mwingereza, alikabidhiwa hospitali ya Mathari ya Nairobi mwaka 1938. Alikuwa daktari wa kawaida wa serikali, siyo bingwa wa magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapa kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na humo alidai kuwa sonona ni nadra kwetu, kwa kuwa Mwafrika habebi wajibu wake binafsi. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapa andiko lake jingine, akiwaeleza Mau Mau kana kwamba kudai ardhi ni maradhi ya akili.

Mtu huyu aliwahesabu wagonjwa wa Mathari, akaona wenye sonona ni wachache, akatoa hukumu juu ya bara zima. Lakini ni nani aliyepelekwa Mathari? Ni aliyekamatwa na polisi, aliyechoma nyumba, aliyetembea uchi barabarani. Na kwetu ilikuwa vivyo hivyo. Lutindi, hapa juu ya milima ya Usambara, ilijengwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 iwe makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na 1904 ikageuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mirembe ya Dodoma ilianzishwa na Waingereza 1927, na hadi leo watu wakitaka kumtukana mtu humwambia apelekwe Mirembe. Mwanamke aliyekuwa akiamka saa nane usiku moyo unamdunda, akakaa kitandani hadi alfajiri, kisha akaenda shambani, nani angempandisha Lutindi? Alikwenda kwa mganga, au kwa shehe, au alinyamaza. Carothers hakumwona kwa sababu hakwenda alikokuwa.

Waliokwenda walimwona. Margaret Field alikaa kwenye mahali pa ibada na uganga huko Ashanti, Ghana, na kitabu chake cha 1960 kimejaa wanawake wenye sonona waliokuwa wakijishtaki wenyewe kuwa wachawi. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti wao wa vijiji viwili vya Uganda, wakakuta sonona kwa wanawake wa huko ni nyingi kuliko kwa wanawake wa kusini-mashariki mwa London. Hukumu ya Carothers ilikuwa ya uongo, na gharama yake wamelipa bibi zetu.

Kwa sasa kuna dawa mpya zaidi. Fluoksetini, iliyotokana na kazi ya Bryan Molloy, David Wong na Ray Fuller katika kampuni ya Eli Lilly, iliruhusiwa Marekani mwishoni mwa 1987, na 2007 ikaingia katika orodha ya dawa muhimu ya dunia. Haikaushi mdomo kama yangu, ingawa kichefuchefu na kupoteza hamu ya tendo la ndoa huwapata wengi. Faida yake kubwa ni kwamba mtu akizidisha, hatari ni ndogo zaidi. Amitriptilini ikizidi inaweza kusimamisha moyo, kwa hiyo yangu inakaa kabati la juu limefungwa, watoto hawaifikii. Watu huambiwa kwamba dawa hizi zinajaza upungufu wa serotonini kwenye ubongo. Upungufu huo haujathibitishwa. Zinagusa kemikali hiyo, hilo ni kweli. Jinsi nafuu inavyopatikana bado wanasayansi wanabishana.

Wapo watakaosema mwalimu hana haja ya kutangaza dawa anazomeza. Nimelifikiria hilo. Dawa ya presha tunaitaja sebuleni mbele ya wageni, ya sukari tunaimeza mezani. Mwaka mmoja vidonge vyangu viliadimika kwenye dirisha la dawa, nikakaa siku kadhaa bila kumeza, nilitoka jasho, nikaota ndoto za kutisha, tumbo likachafuka, na hofu ikaanza kubisha hodi. Kama ningekuwa nimeficha, hakuna ambaye angenitafutia. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyekwenda duka la dawa Tanga mjini akaniletea.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa anayeishi na mtu mwenye dawa hizi. Usimwambie aziache kwa kuwa sasa ni mzima. Zinaachwa polepole, dokta akipunguza kipimo hatua kwa hatua. Na siku ya kliniki, ukiweza, ongozana naye. Mweleze dokta unachokiona nyumbani: analala vipi, anakula vipi, ameacha kwenda wapi, ameanza tena kwenda wapi. Huenda umeona nafuu, au hatari, ambayo mwenyewe hajaiona.