Umewekewa goti bandia? Usilale na mto chini ya goti

Upasuaji wa kuweka goti bandia, unaofanyika katika hospitali kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) jijini Dar es Salaam, huchukua saa chache tu. Kulifanya goti hilo litembee ni kazi ya miezi, na sehemu kubwa hufanyika nyumbani, mbali na mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Tuanze na mto. Goti linalouma hupata nafuu likikunjwa kidogo, kwa hiyo ndugu humwekea mgonjwa mto chini yake. Wiki zikipita hivyo, nyama za nyuma ya goti hukaza na mguu haunyooki tena. Mto uweke chini ya kisigino, goti libaki hewani, uzito wa mguu wenyewe ulinyooshe. Dakika chache zatosha, mara kadhaa kwa siku. Tusidanganyane, inauma. Ndiyo maana tunashauri dawa ya maumivu uliyoandikiwa uimeze kama nusu saa kabla ya mazoezi.

Mazoezi mengine hayahitaji mashine. Ukiwa umelala, kaza paja kama unayekandamiza goti kitandani, hesabu hadi tano, achia, kisha rudia mara kumi. Chezesha nyayo juu na chini ili damu isigande. Ukikaa kitini, vuta kisigino nyuma taratibu. Lengo la wiki za mwanzo ni goti likunjike nyuzi 90, kama la mtu aliyekaa vizuri kwenye kiti.

Wengi husimama kwa msaada siku ileile au kesho yake. Ukifikia kutumia fimbo moja, ishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi hubisha hapa, mpaka wajaribu.

Choo cha kuchuchumaa ni tatizo la kweli vijijini, kwa sababu mara nyingi goti bandia halikunjiki kiasi hicho, nasi hatushauri ulilazimishe. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu kabla mgonjwa hajarudi.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, usikubali kuchuliwa. Huenda damu imeganda, na bonge likifika mapafuni huweza kuua. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukibanwa pumzi ghafla, usisubiri kuche. Homa au usaha kwenye kidonda navyo ni vya kuwahisha.

Haya yanahusu goti bandia. Kijana aliyetengenezewa ligamenti iliyokatika mpirani ana ratiba nyingine, na kurudi uwanjani huchukua takribani miezi 9 au zaidi. Aliyeshonwa ndani ya goti huweza kukatazwa kukanyagia mguu kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, mwombe mtaalamu akuonyeshe mazoezi yako huku ndugu akirekodi video kwa simu.